Roboti aliyeshukiwa na wenzake

Wapo wazazi ambao wakisikia katuni zikitajwa hukunja nyuso. Hoja yao ina uzito. Mfululizo wa The Transformers, ulioanza kuonyeshwa Marekani mwaka wa 1984, ulitungwa makusudi ili kampuni ya Hasbro iuze vichezeo vyake, vingi vikiwa vimebuniwa kwanza Japani na kampuni ya Takara. Lilikuwa tangazo la biashara lililovikwa joho la hadithi.

Hata hivyo sikubali kwamba kilichotungwa kuuza bidhaa hakiwezi kubeba jambo la maana. Namleta Mirage awe shahidi wangu.

Huyu si kiongozi. Watoto walimwimba Optimus Prime. Mirage alipita tu, mara nyingi bila kutamka neno. Ni roboti wa rangi ya buluu na nyeupe, ageukaye gari la mbio za langalanga, naye ana kipawa cha kutoweka machoni pa adui. Linalomtenga na wenzake ni kwamba havipendi vita. Anaitamani sayari ya kwao, Cybertron, na maisha ya raha aliyoyaacha huko, wala hafichi.

Kutofichahuko kulimponza. Katika kipindi kimoja cha mwaka wa 1985, kiitwacho “Traitor”, mwenzake Cliffjumper anamshuku kuwa amejiuza kwa adui. Kumbe Mirage amejipenyeza miongoni mwa maadui ili awagombanishe wao kwa wao! Je, mbona hakushukiwa mwingine? Kwa sababu apigaye kelele za vita huhesabiwa mwaminifu, na akirie kwamba amechoka huandamwa na macho. Nimekaa katika kamati za kutosha kulijua hilo.

Lipo jambo jingine, nalo limo katika umbo lake lenyewe. Gari analogeuka ni Ligier JS11 la Ufaransa, nambari 26, ambalo Jacques Laffite aliliendesha mwaka wa 1979 akashinda mashindano mawili ya kwanza ya msimu, Argentina na Brazil. Sigara za Gitanes ndizo zilizolidhamini, na kwenye kichezeo jina hilo likageuzwa kuwa “Citanes”, herufi moja tu. Ujanja wa wafanyabiashara huo!

Ama herufi JS, hizo si za kiufundi. Guy Ligier alizitia katika majina ya magari yake ili kumkumbuka rafiki yake Jo Schlesser, aliyefariki mashindanoni huko Rouen mwaka wa 1968. Gari baada ya gari, mwaka baada ya mwaka, Ligier hakuziacha herufi za marehemu.

Basi roboti yule aliyenyimwa imani na mwenzake alikuwa amevaa mwili uliopewa jina kwa ajili ya urafiki. Cliffjumper hakulijua hilo. Nadhani hata waliomtunga hawakulijua.