Kufunga dizeli kwenye Land Rover 109: piga hesabu kwanza
Vijana wengi mnaniuliza: "Afisa, nina 109 ya mzee, inakunywa petroli balaa. Nifunge dizeli?" Inawezekana, ila injini ni nusu tu ya kazi.

Mimi hupendekeza 200Tdi ya Land Rover yenyewe, lita 2.5 yenye tabo. Inakaa kwenye gia boksi ileile ya zamani, na pampu yake haihitaji kompyuta.

Kabla hujatoa hela, kagua haya:

1. Chesisi. Bodi ya aluminiamu inadanganya macho. Chesisi ni chuma na inaoza. Igonge kwa nyundo.

2. Breki. Kama gari lina busta, injini ya petroli ndiyo huipa vakyumu. Dizeli haiitoi, kwa hiyo injini ije na pampu yake ya vakyumu. Bila hiyo kanyagio linakuwa gumu, nawe uko mteremkoni na gunia za mahindi.

3. Tangi. Lisafishwe, kisha liwekewe paipu ya kurudisha dizeli.

4. Gia boksi. Haikutengenezwa kwa nguvu ya tabo. Ondoka taratibu ukiwa na mzigo.

5. Kadi ya gari. Namba ya injini ikibadilika, kadi nayo ibadilishwe.

Sasa jumlisha gharama zote, ugawanye kwa hela ya mafuta utakayookoa msimu mmoja. Jibu ndilo idadi ya misimu ya kusubiri pesa yako irudi. Kama gari linaenda sokoni mara chache tu kwa mwaka, rekebisha hiyo petroli, hela inayobaki nunua mbolea.