Kamanyola: Safari ya mbwa hadi Ulaya huanza miezi minne kabla

Mkaaji wa Kamanyola anayetaka kupanda ndege hadi Ubelgiji pamoja na mbwa au paka wake asianze na tiketi. Umoja wa Ulaya unadai mnyama awekewe kwanza chipu chini ya ngozi, kisha achanjwe dhidi ya kichaa cha mbwa; chanjo iliyotangulia chipu haihesabiwi. Baada ya siku 30 anatolewa damu, ipimwe katika maabara inayotambuliwa na Umoja huo. Kipimo kikiwa kizuri, bado atangoja miezi 3 tangu damu ilipotolewa.

Uwanja wa Kavumu ulitekwa na M23 Februari 2025. Anayepitia Kamembe, Rwanda, atafute pia vibali vya nchi hiyo.

Familia inayoondoka mwezi ujao itafute mapema jirani wa kumwachia.