Mtoto na Viungo vya Kitenzi

Jean Piaget, mtaalamu wa Uswisi, alifundisha kwamba akili ya mtoto hukua kwa hatua, na kwamba kosa lake lina utaratibu. Kauli hiyo yafaa ipimwe katika kitenzi chetu, maana neno moja, anacheza, lina viungo vinne: nafsi, wakati, mzizi na irabu ya mwisho.

Kamil Ud Deen, katika kitabu chake cha mwaka 2005, alichunguza usemi wa watoto wanne wa Nairobi. Aliona kuwa mtoto mdogo huacha mara nyingi kiungo cha nafsi, au cha wakati, au vyote viwili, hata akasema nacheza, acheza, au cheza tu. (Mgeni akisikia nacheza atadhani mtoto ajisema mwenyewe, kumbe amtaja nduguye.) Lakini irabu ya mwisho ni nadra sana kuachwa. Basi mtoto hakati maneno ovyo.

Tena watu wazima wa Nairobi nao huacha nafsi katika mazungumzo. Kwa hiyo mwalimu anayemhesabu mtoto kuwa mzito wa ulimi kwa sababu ya nacheza, huenda anamhukumu kwa lugha ya nyumbani kwao.

Lev Vygotsky, aliyefariki mwaka 1934, alishauri kutazama lile ambalo mtoto aliweza akisaidiwa. Kwa maoni yangu msaada ulio bora hapa ni mwepisi: mtoto asemapo, "Cheza mpira," mama hujibu, "Naam, kaka anacheza mpira," kisha mazungumzo yakaendelea.