Neno lililoanzia ulimini

Mtu wa Lagos akisema "I no sabi", anakuambia hajui. Wa Port Moresby, Papua New Guinea, huko Pasifiki, atasema "mi no save", tena litamke kama lilivyoandikwa, kama neno la Kiswahili. Neno ni lilelile, na mzee wake ni Kilatini.

Sapere ilikuwa kazi ya ulimi: kuonja, kuwa na ladha. Baadaye ikapanda kichwani ikawa kuwa na busara, ndiyo maana binadamu anaitwa Homo sapiens, jina lenye harufu ya jikoni. Mfaransa alibaki na savoir, Mhispania na Mreno na saber. Mreno hakuitupa hata maana ya kwanza: saber ni kujua, saber a ni kuwa na ladha ya kitu.

Walioisambaza ni watu wa bandarini. Kuanzia Algiers hadi Tunis palikuwa na lugha ya biashara ambayo kitenzi chake cha kujua hakibadiliki, awe mimi, wewe au wao: ni sabir tu. Lugha yenyewe ikaishia kuitwa Sabir, na Molière, mtunzi wa tamthilia wa Kifaransa, akaitania jukwaani mwaka 1670. Mabaharia wa Kireno nao waliliacha neno hilo Afrika Magharibi, nalo likavuka Atlantiki hadi Surinam, ambako Kisranan husema sabi mpaka leo. Waingereza waliandika savvy, wakampa sifa hiyo mtu mjanja.

Lakini utamu wa kisa hiki uko Papua New Guinea. Kwa Tok Pisin, lugha ya huko, "em i save kaikai pis" kwa kawaida si "anajua kula samaki", ni "yeye hula samaki". Save imeshika kazi ya hu- yetu! Usishangae sana; nasi humsema mtu kwamba "anajua kulala huyo" bila kudai kuwa amesomea. Curaçao, Kipapiamentu hutumia sa kwa mazoea hayohayo. Haiti hawana sabi, ila wamechukua konn, ya ukoo wa connaître ya Kifaransa, wakaipa mzigo uleule.

Na kisiwani Santiago, Cape Verde, ukipakuliwa chakula ukasema sabi, mpishi atafurahi. Hujamwambia kwamba unajua lolote. Umemwambia ni kitamu.