Kutotaka Si Kusitasita

Katika kambi ya Dzaleka, wilayani Dowa, iliyofunguliwa kwa wakimbizi mwaka 1994, Kiswahili husikika kila kona. Lakini katika ofisi za Lilongwe lugha ya maandishi ni Kiingereza. Hapo neno moja laweza kupotosha habari nzima. Aliye "reluctant" husitasita, ila pengine atakwenda kwa moyo mzito. Aliye "unwilling" hataki, nia haipo. Mkataba wa Wakimbizi wa mwaka 1951 ulichagua neno hili la pili, kwa mtu ambaye kwa hofu ya kuteswa hataki ulinzi wa nchi yake. Basi aogopaye kurudi kwao asiandikiwe kwamba anasita tu. Kabla hajatia sahihi, amwombe mkalimani amsomee tena, polepole.