Ulimi Unaochubua Ngozi

Wahenga walinena kwamba heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Niliukumbuka usemi huo pale mwanafunzi wangu mmoja, baada ya kukosa mihadhara kwa majuma matatu, alipoingia ofisini mwangu akiwa amejitanda mtandio hadi machoni. Uso wake ulikuwa na mabaka: alikuwa amejichubua kwa mkorogo. Tangu utotoni, alinieleza, nyumbani kwao akiitwa "Makaa", ilhali dadake akisifiwa kuwa "mweupe", yaani mrembo. Sasa halali, hali, wala hataki kuonekana.

Zebaki iliyomo katika baadhi ya krimu hizo hudhuru figo na mishipa ya fahamu. Mkataba wa Minamata wa 2013 uliweka mwaka 2020 kuwa kikomo cha kuziunda na kuziuza baina ya nchi. Hata hivyo, hakuna mkataba unaokataza lakabu za sebuleni.

Wazazi wenzangu, hali ya binti huyu si kiburi wala wazimu. Ni sonona, nayo hutibika. Tumpelekeni kwa mshauri, lakini kwanza tumwite kwa jina lake.