Amplifaya na Spika ya Besi Zipatane Kwanza

Vijana wanaofunga redio kwa matatu huulizwa sana, "Hii amplifaya ni ya wati ngapi?" Sawa, lakini wati gani? Ile namba kubwa ya kwenye katoni ni ya kishindo cha mara moja tu. Tafuta palipoandikwa RMS, ndiyo nguvu inayotoka muda wote. Spika ya RMS 300 ipewe amplifaya ya karibu 300.

Halafu kuna omu, na hapa ndipo pesa za watu huungua. Spika mbili za omu 4, ukiunga chanya kwa chanya na hasi kwa hasi, zinakuwa omu 2. Ukizifuatanisha moja nyuma ya nyingine, ni 8. Amplifaya ambayo mwisho wake ni omu 4 ukiipa 2 itachemka, ijizime, au iungue kabisa.

Ndogo nayo si salama: ikifunguliwa hadi mwisho sauti inakwaruza, na koili ya spika inaweza kuungua.

Fyuzi ikae karibu na betri, isipite sentimita 45. Waya mkuu usio na fyuzi ukichunika na kugusa bodi, gari laweza kushika moto abiria wakiwa ndani. Fundi akisema si lazima, tafuta mwingine.